Urefu wa Watumishi wa Ofisi ya Vipimo

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mkaguzi wa mizani aliweka jiwe la kilo mbili kwenye mizani ya muuza nyama, akainama kusubiri mshale utulie. Mshale ulitulia kwenye kilo mbili na gramu arobaini. Maana yake ni kwamba kila mteja wa bucha ile alikuwa akienda nyumbani na nyama pungufu kuliko alivyoambiwa. Mkaguzi akapima tena, kwa sababu mizani, kama watu, mara nyingine hukosea kwa kushtuka. Jibu likawa lile lile. Alikuwa anapapasa mezani kutafuta kalamu pale mlango wa ofisi ya ndani ulipofunguka na Mkuu wa Kituo akatoka.

"Ripoti ya soko iko wapi?"

"Iko mezani kwako, Mkuu. Niliiweka Ijumaa jioni."

"Nani alikuambia uiweke mezani kwangu? Meza yangu imekuwa jalala?"

Akafoka kwa dakika mbili. Alifoka kuhusu ripoti, kuhusu watu wanaofanya kazi kama wanaota, kuhusu dirisha lililoachwa wazi. Alipomaliza na kurudi ndani, mkaguzi alikuwa amepungua sentimita moja na nusu. Mikono ya blauzi yake ilikuwa imemfika kwenye vidole. Muuza nyama, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri mizani yake, alitazama pembeni, kama mtu muungwana anavyotazama pembeni mwenzake akifunga kamba za viatu.

"Pole, dada," alisema.

"Nimeshapoa. Mizani yako inaongopa kwa gramu arobaini."

Mambo haya hayakuwa siri. Katika ofisi ya vipimo ni vigumu kuficha jambo la namna hiyo, maana vyombo vipo na watu wa kuvisoma wapo. Tangu Mkuu alipohamia pale, karani alikuwa akiandika kila kitu kwenye kurasa za nyuma za daftari la mahudhurio. Kufokewa kwa kawaida kulimpunguza mtu sentimita moja na nusu. Kufokewa mbele ya wateja, mbili. Kusonywa tu, milimita mbili. Siku ikipita salama, mwili ulirudisha kidogo kidogo, kama kucha zinavyoota, lakini siku za salama zilikuwa za kuhesabu. Taarifa ilipelekwa makao makuu mapema kabisa. Makao makuu yalilipokea jambo hilo kwa uzito, yakaleta mito ya kukalia.

Aliyepungua kuliko wote alikuwa Mzee wa Mihuri. Fomu yake ya ajira ilionyesha kwamba aliingia kazini akiwa na mita moja na sabini. Baada ya miaka ishirini na sita na wakuu sita, wanne kati yao wakali, alikuwa na urefu wa chupa ya chai. Alifanyia kazi juu ya meza badala ya nyuma yake. Ili kupiga muhuri, aliukumbatia kwa mikono miwili, akaruka nao juu, akatua nao juu ya karatasi, na chapa yake ilinyooka kuliko ya mtu yeyote mwenye urefu kamili. Alibakiwa na miezi sita astaafu.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa hajafika huko. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, hodari wa kazi lakini holela. Alianza shughuli tano kabla ya kumaliza moja. Meza yake ilifanana na mzigo wa mitumba uliofunguliwa sasa hivi. Maagizo aliyaweka kichwani, na kichwa kilikuwa na mambo yake. Kwa miezi minane alikuwa amepoteza sentimita ishirini na sita. Alipunguza pindo za sketi zake, akazipunguza tena, kisha akaacha, akawa anakunja.

Nyumbani aliishi na binti wa dada yake, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyemwita mama mdogo kama ilivyo desturi ya jamaa. Zamani jina hilo halikumaanisha chochote zaidi ya undugu. Siku hizi msichana alilitamka kwa uangalifu, asije akaonekana anamsema mtu.

Kilichomfanya mkaguzi akate shauri ni mkutano wa wazazi. Alifika shuleni saa tisa kasoro robo, na mwalimu wa zamu aliyesimama getini akamnyooshea kidole.

"Wewe! Chomekea shati!"

Mkaguzi akachomekea. Kisha akajitambulisha.

"Oh, samahani sana, mama," mwalimu alisema. "Unafanya kazi wapi?"

"Vipimo."

"Aah. Pole. Sisi mwalimu mkuu wetu ni mpole, tunamshukuru Mungu. Lakini shule ya jirani walimu wanakaa na watoto dawati moja, na huwezi kujua yupi ni yupi mpaka waanze kusahihisha."

Wakati wa kurudi, msichana alitembea kando yake mpaka karibu na nyumbani. Mabega yao yalikuwa sawa.

"Mama mdogo, ukiwa mfupi kuliko mimi, nani atanisainia ripoti ya shule?"

"Mimi."

"Watakubali?"

Mkaguzi akatafuta ufunguo mkobani. Usiku ule alilala vibaya, na kesho yake akafika kazini saa moja kasorobo, saa ambayo hakuwahi kuiona akiwa pale. Mzee wa Mihuri alikuwa ameshafika. Mkewe alimleta kila asubuhi kwenye mkoba wake akipitia njia ya kwenda kazini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo jua limechomoza upande gani?"

"Nataka kuacha kupungua."

Mzee akakaa juu ya kidau cha wino, akafikiri.

"Mkuu yeyote ana sababu tatu za kufoka na visingizio mia," alisema. "Sababu unaweza kumnyang'anya. Visingizio mwachie Mungu."

"Sababu zipi?"

"Kazi iliyochelewa. Kazi iliyokosewa. Na jambo baya alilolisikia kwa watu kabla hajalisikia kwako. Hilo la tatu ndilo linalokata miguu."

Mkaguzi alitaka kumuuliza mbona yeye, kwa kuyajua yote hayo, amefikia hapo alipo. Adabu ikamzuia. Mzee akaliona swali usoni mwake.

"Niliyajua nikiwa nimeshafika magotini," alisema. "Halafu mimi ni mbishi. Ubishi una gharama zake."

Mzee akamwambia aanze na jambo moja tu, maana anayeshika mengi hachelewi kuyaangusha yote. Kila jioni kabla ya kuondoka, afute meza mpaka mbao zionekane, halafu aweke kitu kimoja katikati: kazi ya kwanza ya kesho. Basi. Juma la kwanza alifanikiwa siku mbili. Jumatano alisahau, Alhamisi akachelewa kuamka, akafokewa mbele ya wateja na kupoteza sentimita mbili. Ijumaa aliifuta meza hali amekasirika. Juma la pili alifanikiwa siku nne. Juma la tatu hakukumbuka kuhesabu, na alipokuja kukumbuka akagundua kwamba mikono ilikuwa imekwisha kuzoea na haikuwa ikimsubiri tena.

Ndipo akaongeza daftari. Alinunua dogo la jalada la bluu, akalifunga kwa kamba kiunoni. Mkuu akitoa agizo, aliliandika pamoja na saa, kisha akamsomea mwenyewe: "Kwa hiyo, Mkuu, unataka ya soko kwanza, ya kituo cha mafuta baadaye, zote kabla ya saa sita. Nimeandika." Mkuu alilitazama daftari kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Lakini siku aliposema, "Mimi sijawahi kusema hivyo," mkaguzi alifungua ukurasa, akamwonyesha kwa heshima zote, na Mkuu akakohoa.

Jambo la tatu lilikuwa gumu zaidi. Jumanne moja alivunja kioo cha mizani ya duka la dawa. Zamani angekifunika na gazeti na kuomba dua. Safari hii alimsubiri Mkuu mlangoni, kabla hajavua koti.

"Mkuu, nimevunja kioo cha mizani ya duka la dawa. Kosa ni langu. Fundi anakuja saa tano, na mwenye duka nimeshamwomba radhi."

Mkuu alifungua kinywa. Akatafuta mahali pa kushika, hakupaona.

"Sawa," alisema.

Ilikuwa "sawa" ya kwanza kutamkwa katika jengo lile mwaka ule. Karani aliiandika kwenye daftari la mahudhurio na kuipigia mstari.

Mkaguzi akaanza kurefuka. Juma la kumi alirudi kuvaa viatu vyake mwenyewe. Pindo za sketi zikafumuliwa. Msichana aliacha kutembea akiwa ameinama, jambo ambalo mkaguzi hakuwa amegundua kwamba mtoto alikuwa akilifanya kwa ajili yake. Alilala vizuri, aliimba akipika, na kazini aliondoka saa kumi na nusu kama mtu asiye na deni na yeyote.

Siku moja ya Alhamisi alipeleka cheti kikapigwe muhuri, akaona Mzee anaruka mara mbili kwa chapa moja. Akamtazama vizuri. Akachukua rula.

"Mzee, umekuwa na sentimita ishirini na moja."

"Nimekuwa nikifokewa," Mzee alisema. "Kwa wino mwekundu. Kwa kukaa juu ya meza. Jana ilikuwa kwa kunyamaza kwa dharau."

Saa nne ya siku hiyo hiyo mkaguzi alipeleka jalada ofisi ya ndani. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita. Mkuu alikuwa kwenye simu. Sauti iliyotoka kwenye simu ilisikika mpaka koridoni, ingawa si maneno, na Mkuu alikuwa akisema, "Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, mheshimiwa. Ni uzembe wangu, mheshimiwa." Kila alipomaliza sentensi alishuka kidogo kwenye kiti. Tai yake ilifika mapajani, kisha magotini. Kiatu cha kulia kikamvuka na kuanguka sakafuni, kikafuatiwa na cha kushoto. Simu ilipokatika, alishuka kitini kama mtoto, akatumbukiza miguu viatuni, akapita mbele ya mkaguzi akiburuta suruali, bila kumwona. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mzee wa Mihuri.

Alifoka kuhusu wino. Kwa kila sentensi, suruali ilipanda. Ilipofika kwenye vifundo vya miguu Mkuu alivuta pumzi, akanyoosha koti, akarudi ofisini kwake akiwa mrefu kama alivyokuwa siku zote. Juu ya meza, Mzee wa Mihuri alikuwa na urefu wa kikombe.

Mkaguzi alikuwa amefanya kazi ya mizani kwa miaka tisa. Hakuhitaji kuelezwa kwamba kinachoondoka sahani hii hakijapotea, kimehamia ile. Alifungua daftari la karani, akalinganisha tarehe. Tangu yeye alipoacha kufokewa, Mkuu alikuwa hajakosa hata siku moja kupata sentimita zake. Alikuwa amebadilisha duka tu.

Mchana ule hakula.

Kesho yake asubuhi aliwakusanya wenzake watatu: karani, dereva na Mzee. Aliwaeleza yote, bila kuficha kwamba urefu alioringia majuma kumi ulikuwa na mwenyewe.

"Mimi sina tatizo," dereva alisema. "Mimi ofisi yangu ni gari."

"Ulikuwa unaendesha bila mto," karani alimwambia. "Sasa unaendesha na miwili."

Wakakubaliana kusimama pamoja dakika kumi kila asubuhi, kila mtu aseme kazi yake ya siku na kosa lake la jana, ili mwenye kosa apate msaada kabla halijatoka nje. Kila mtu akapata daftari lenye kamba. Kuhusu visingizio, Mzee alikuwa na wazo: asiachwe mtu peke yake Mkuu anapotoka. Akitokeza tu, mmoja wao amwendee na kalamu na kusema, "Mkuu, tunaomba mwongozo." Mtu aliyeombwa mwongozo hawezi kufoka papo hapo. Kwanza lazima autafute.

Karani ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuwa mtu wa kuahirisha, na alipoambiwa ajibu barua siku ile ile iliyofika alitokwa na jasho. Lakini baada ya majuma mawili majalada yalikuwa yamekaa sawa, wafanyabiashara walipata vyombo vyao siku waliyoahidiwa, na foleni kwenye benchi ilikuwa fupi mpaka watu wakadhani ofisi imefungwa. Hakukuwa na kazi iliyochelewa. Iliyokosewa ilirekebishwa kabla ya chai. Jambo baya lilimfikia Mkuu likiwa na dawa yake mkononi.

Simu ya saa nne kutoka makao makuu, hata hivyo, haikuacha kulia. Kila siku Mkuu aliipokea, kila siku alishuka, na kila siku alipotoka nje kwenda kujirudishia alikutana na mtu mwenye kalamu akiomba mwongozo. Baada ya majuma matatu alimfikia karani begani. Hakuna aliyemcheka. Dereva alicheka, lakini alikwenda kuchekea garini, vioo vikiwa vimepandishwa. Karani alimwekea mto kwenye kiti bila kuambiwa.

Ijumaa moja Mkuu alimwita mkaguzi ndani.

"Kaa," alisema.

Mkaguzi akakaa. Macho yao yalikuwa sawa.

"Mmenifanyia nini?"

"Tumefanya kazi, Mkuu."

Mkuu alitazama dirishani. Ilimbidi ainue kidevu kidogo ili aone nje. "Mimi nilikuwa nacheza mpira wa kikapu," alisema.

Mkaguzi alikuwa ameandaa maneno yake siku tatu kabla. Alikuwa ameyaandika na kuyasoma mbele ya kioo. 

"Mkuu, nikikosea niambie kosa, kwa sauti hii hii uliyonayo sasa, na nitalirekebisha siku hiyo hiyo. Ukifoka, mimi napungua na kazi haiongezeki. Na Mzee kule nje amebaki kikombe."

Mkuu aliitazama simu iliyokuwa mezani.

"Na mimi nikifokewa," alisema, "nimwambie nani?"

"Mwambie huyo anayekufokea."

"Simjui. Mwaka mzima sijawahi kumwona. Ni sauti tu."

"Basi andika. Tarehe, saa, alichosema, ulichopungua. Sisi ni ofisi ya vipimo, Mkuu. Sisi tukiandika, namba zinaaminika."

Waliiandika pamoja mchana ule. Ilikuwa barua ya kurasa mbili kwa makao makuu, na jedwali: urefu wa kila mtumishi siku ya kuajiriwa, urefu wake sasa, na tofauti. Mkuu alitia sahihi akiwa amesimama juu ya mto. Kwa siku kumi na moja baada ya hapo hakumfokea mtu yeyote, hata alipotoka ofisini viatu vikiwa mkononi. Watu walimsalimia na yeye akaitikia. Siku moja alimuuliza Mzee kama chai yake ina sukari ya kutosha.

Siku ya kumi na mbili kiliwasili kifurushi kutoka makao makuu. Ndani mlikuwa na futi kamba tano, mpya, za manjano, kila moja ikiwa imeandikwa cheo cha mtumishi mmoja, pamoja na waraka. Karani aliusoma kwa sauti:

"Taarifa yenu imepokelewa na kufanyiwa kazi. Baada ya uchunguzi imeonekana kwamba tatizo liko kwenye vyombo mlivyotumia kupimia. Watumishi wote wapimwe upya kwa vyombo vilivyoambatishwa. Vyombo hivyo vikaguliwe na kupigwa muhuri kabla ya kutumika."

Mkaguzi alizipeleka mezani kwake. Alifungua kabati, akatoa chuma cha urefu wa mita moja kamili ambacho kila kipimo cha eneo lile lazima kilinganishwe nacho, na ambacho wao walikiita mita mama. Akakilaza, akanyoosha futi ya kwanza kando yake, akasoma. Alisoma kila futi mara tatu, kama alivyojizoeza. Mita moja kwenye futi ya Mkuu ilikuwa na sentimita sabini na moja za kweli. Ya dereva, themanini na nane. Mita ya Mzee wa Mihuri ilikuwa fupi kuliko kidole cha shahada cha mkaguzi, nayo ilikuwa na sentimita zake zote mia, zimechorwa kwa ustadi mkubwa. Yake yeye ilipungua sentimita moja tu, na hiyo ndiyo iliyomkera zaidi.

Akaandika: Zote tano si sahihi. Zisitumike. Akaweka tarehe na saa, akampelekea Mkuu kabla ya chai.

Mkuu alisoma. Simu ikalia. "Ndiyo, mheshimiwa," alisema, na mkaguzi akatoka nje kumpa faragha. Baada ya muda Mkuu alifungua mlango. Sasa kitasa kilikuwa kimemfika kifuani.

"Wamesema zipigwe muhuri leo."

"Haiwezekani, Mkuu."

"Najua," Mkuu alisema.

Kwenye meza ya pembeni, Mzee aliulaza muhuri chali, akakaa juu yake, akakunja miguu.

"Miaka ishirini na sita sijauweka muhuri huu kwenye chombo cha uongo," alisema. "Anayeutaka aninyanyue kwanza."

Kumnyanyua kungekuwa kazi ya vidole viwili. Hakuna aliyemnyanyua. Walikaa hivyo mpaka saa ya kutoka, na mkewe Mzee alipokuja kumchukua ilimbidi abebe na muhuri pia, kwa sababu aligoma kuuachia. Wakati wa kuagana Mkuu alimshika mkaguzi mkono. 

Jumatatu kukaja waraka wa pili. Ulikuwa wa mstari mmoja: Vyombo vya matumizi ya ndani havihitaji muhuri.

Wakapimwa siku hiyo hiyo baada ya chai. Karani alipima kila mtu kwa futi yake, na kila mtu alikuwa na urefu ule ule ulioandikwa kwenye fomu yake ya ajira, bila kuzidi wala kupungua. Mzee wa Mihuri alisimama wima kando ya kikombe chake, akasomewa mita moja na sabini. Akasema asante. Juma lililofuata kituo kilipata cheti cha fremu, kilichosema kwamba upungufu wa watumishi ni sifuri, na kutaka vituo vingine viige mfano. Mkaguzi alipata barua ya onyo kwa kuchelewesha zoezi. Barua ile ilimpunguza nusu sentimita kila alipoisoma, kwa hiyo aliisoma mara moja, akaifungulia jalada, akaiweka humo.

Kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba hakuna anayepungua, hapakuwa tena na sababu ya mtu kujizuia. Simu ya saa nne iliongezewa ya saa nane. Jumatano Mkuu alitoka ofisini akiwa amekunja suruali mara tatu. Karani alimwahi na kalamu, "Mkuu, tunaomba mwongozo," lakini Mkuu alimpita kwa upole, akaenda kusimama mbele ya meza ya mkaguzi. Meza ilikuwa safi. Katikati palikuwa na kazi moja.

"Samahani, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha akafoka dakika mbili kuhusu dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mkaguzi aliinua daftari la bluu, akaandika tarehe, saa, neno kwa neno, na mwisho: sentimita moja na nusu. Mkuu alipomaliza alisubiri mkaguzi amalize kuandika, kwa sababu maneno yalikuwa yameenda haraka kuliko kalamu.

Tangu hapo wamezoea. Wanapokezana. Asubuhi, katika zile dakika kumi, pamoja na kazi ya siku na kosa la jana, wanapanga nani leo atakaa karibu na mlango, ili asifokewe mtu yule yule siku mbili mfululizo. Mzee aliondolewa kwenye zamu, na mpaka anastaafu alikuwa amerudi karibu na urefu wa chupa ya chai, kufikia nusu ya shingo yake. Kazi haichelewi. Saa kumi na nusu meza zote zinaonekana mbao. Mkaguzi amebaki mrefu kuliko msichana kwa vidole vinne, na ripoti ya shule anaisaini yeye. Kila baada ya miezi mitatu makao makuu huleta futi mpya, kwa sababu za zamani huwa zimeanza kusema ukweli.

Mwezi uliopita muuza vitambaa alileta fimbo yake ya mita ikaguliwe. Mkaguzi aliilaza kando ya mita mama. Ilipungua sentimita tatu. Akapima mara tatu, akamwonyesha, naye akakubali kwamba imeliwa na umri. Sheria inasema chombo kifupi kivunjwe mbele ya mwenyewe. Mkaguzi akaivunja kwenye goti, vipande viwili, akaviweka juu ya meza.

Muuza vitambaa alikuwa na jicho la vipimo, kama watu wa kazi yake walivyo. Alikuwa akitazama ukutani, kwenye misumari chini ya cheti, zilikotundikwa futi za manjano.

"Na zile, dada? Zile hazivunjwi?"

"Zile ni za ofisi," mkaguzi alisema.

Muuza vitambaa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa vizuri. Akakusanya vipande vyake, akauliza ni wapi anaweza kupata fimbo mpya iliyo sahihi, asije akavunja sheria.